Mia Nne

Biju wa Kerala alizipanga juu ya kioo cha duka,
pale Ibra, nyuma ya wauza matairi,
darubini za leza, za kupimia umbali,
kama mtu anayepanga mayai ya kanga:
ya riali ishirini na nane, ya arobaini na tano,
na ile ya mia na kumi ambayo hakuitoa hata mfukoni,
akiujua mshahara wangu.

Ya kwanza ilijigamba kwenye boksi: mita elfu moja.
"Elfu moja mpaka kwenye nini, Biju?"
Akacheka. "Kwenye kibao cha barabarani, Harub.
Cha chuma, kinachong'aa. Jioni. Bila vumbi."
"Na mbuzi?"
"Mbuzi hang'ai. Gawa kwa mbili, kisha toa kidogo."

Nikatoka nazo mbili nje, adhuhuri,
jua la Sharqiya limesimama wima kama mdai.
Nikaielekeza ya bei rahisi kwenye mnara wa maji.
Namba zake nyeusi zikazama
kwenye mlima mweusi ulio nyuma;
sikuona ila vistari vitatu,
kama mtu anayekuna kichwa.
Ya arobaini na tano namba zake nyekundu.
Ikafikiri. Ikanipa mia tatu na kumi na mbili.
Nikabonyeza tena: na kumi na moja.
Tena: na kumi na moja.
Basi. Hata ikidanganya, inadanganya kwa msimamo.

Nikakagua betri, ile inayopatikana hata kwa fundi saa,
mpira wa kuzuia vumbi, yadi kugeuka mita.
Mteremko haipimi.
Nikasema, wadi zetu zina miteremko, Biju.
Akasema bei nayo ina mteremko,
akaniteremshia hadi arobaini na mbili.

Siendi kuua kitu.
Paa wa huku wana sheria, na sheria ina magari.
Sisi Ijumaa tunapiga shabaha bondeni:
kopo lililopakwa chokaa, bunduki ya babu wa mtu,
na kelele nyingi.
Mwindaji alikuwa Baba.

Baba, Tabora, miaka ya kanga na mafuta ya taa,
alimwangusha kuro kwa gobore, mita mia nne,
"upepo wa ubavuni, jicho moja nimelifumba."
Mia nne hiyo nimekua nayo.
Imekaa nasi kwenye sinia la wali,
imehama nasi, ikapita forodha ya Maskati
bila kulipiwa ushuru.

Alasiri, juu ya dari la nyumba yetu, Mudhairib,
nikaitafuta.
Mtende wa kwa Bi Zamzam: sabini na nane.
Ukuta wa makaburi: mia moja na sitini.
Mia nne ikaenda kuangukia ng'ambo ya wadi,
kwenye gari jeupe lililotelekezwa,
na kando yake mtu, au ndoo, sikuweza kujua.
Gobore!
Nikashusha mkono.

Baba akapanda ngazi akiushika ukuta,
ukungu wa macho umeshamla nusu ya dunia.
"Hiyo ndiyo inayopima?"
"Ndiyo."
"Mia nne ni wapi hapa? Nionyeshe."

Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu.
Gari jeupe lilikuwa palepale.
Nikamshika bega, nikamgeuza polepole
mpaka uso wake ukaelekea kwa Bi Zamzam.
"Ule mtende, Baba. Ule unaouona."
Akautazama sana. Akafumba jicho moja.
"Enhe," akasema. "Hapohapo.
Na kuro ana kifua kipana kuliko huo."

Kisha akauliza nimeinunua kiasi gani.
Nikasema ishirini na nane.
Akasema wameniibia.